Mwiba Uliozibua Kabureta

Haya yalimkuta binamu yangu Zibuse, fundi magari wa kule Nongoma, kwa Wazulu. Mimi siongezi chumvi. Chumvi aliiweka mwenyewe zamani, maana alikuwa akijitapa kwamba gari bovu likimsikia akikohoa tu, linapona.

Jumanne moja asubuhi, jua limetulia, kuku wanaparura chini ya magari mabovu, mjane MaKhoza akamletea pikapu kuukuu ya marehemu mumewe, Mpiyakhe.

"Inazimika, fundi. Leo inapita, kesho inazimika, na ni pale darajani tu. Mkwe wangu Thandazile mimba imetimu, na kilimani kwetu gari ni hili moja. Likitufia siku ya uchungu je?"

"Mama, nenda kanywe chai. Gari halina akili ya kujua daraja."

Akaikagua. Mfuniko wa tangi ulikuwa unapumua vizuri. Koili akabadilisha. Platini akazipiga msasa. Ikabaki kabureta: kitundu cha petroli kilikuwa kimeziba, na waya mwembamba hakuwa nao. Akapekua nyuma ya kiti, akapata kitawi kikavu chenye miiba miwili-miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoana. Akavunja ulionyooka, akazibulia. Kitawi akakitupa kwenye sanduku la spana.

Injini ikanguruma kama fahali. Zibuse akajipongeza kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpongeza.

Alhamisi saa nane mchana, simu: uchungu umeanza. Akapanda kilimani na pikapu mwenyewe. Darajani ilipita bila kukohoa.

"Umeona, mama? Mikono hii!" akamwambia MaKhoza alipofika.

Wakamlaza Thandazile kwenye kiti, kichwa mapajani mwa MaKhoza, wakateremka kilima kwenda hospitali. Kule juu milimani mvua ilikuwa imenyesha. Maji yalikuwa ya udongo, yanapanda. Daraja lenyewe fupi, halina kingo.

Katikati, pikapu ikazimika.

Zibuse akaruka, akafungua boneti. Moto wa plagi upo, wa buluu kabisa. Petroli inafika. Kila kitu kipo. Injini haitaki.

MaKhoza akamwita, kwa kunong'ona. "Nyuma ya kiti palikuwa na kitawi cha mlahlankosi. Kiko wapi?"

Zibuse akashusha boneti polepole. Mzulu gani asiyejua tawi la mti huo, la kuirudishia nyumbani roho ya marehemu? Alikuwa amelishika kama njiti ya meno.

"Kiko gereji. Mwiba wake... nimezibulia kabureta."

"Yesu wangu." Akafumba macho. "Pale Mpiyakhe alipogongwa tuliichukua roho yake kwa tawi lile. Mbebaji haongei na mtu. Anaongea na marehemu tu: tunakata kona, tunavuka mto. Shemeji yangu, aliyelibeba, alipigiwa simu hapa hapa darajani. Akapokea."

"Hakumwambia kwamba mnavuka?"

"Hakumwambia. Tawi tulililaza kaburini, lakini yeye hakufika. Kitawi kimoja kilikatika, kikabaki humu. Nikaogopa kukigusa."

Maji yakagusa matairi. Thandazile akapiga ukelele.

"Mwambie," MaKhoza akasema.

"Mimi? Mimi si wa ukoo wenu!"

"Wewe ndiye uliyemshika mwisho."

Zibuse akaingia. Akafunga mlango. Mdomo uliojitapa miaka ishirini ulikuwa mkavu.

"Mpiyakhe... baba. Tunavuka mto."

Hakuna aliyegusa ufunguo.

Injini ikawaka.

"Tunapanda lami, baba. Tunakata kushoto. Tunapita dukani." MaKhoza alimuuliza kitu. Hakujibu. Simu ikaita mfukoni. Hakupokea. "Tumefika hospitali, baba."

Saa kumi na nusu alizaliwa mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele.

Pikapu haijazimika tena hadi leo, na Zibuse anasema aliitengeneza yeye. Mwacheni. Ila muulizeni habari za kesho yake, alipokwenda na MaKhoza gereji kukichukua kitawi wakipeleke kaburini. Hapo hunyamaza, na Zibuse kunyamaza mmewahi kuona wapi?

Walifungua sanduku la spana. Kitawi, kikavu tangu mwaka uliopita, kilikuwa na majani matatu mabichi.

Pale Zibuse alipovunja mwiba palikuwa panachuruzika kitu. Akagusa kwa kidole, akanusa.

Petroli.