Waliokufa Wakisubiri Sindano

Uvumi ulianzia kwenye benchi la kliniki ya moyo: vidonge vinaua, sindano inaokoa. Mama aliusikia asubuhi akiwa na binti yake, ukawaganda kama kupe. Jioni binti yake akasukuma kando glasi ya maji.

"Hivyo simezi tena, mama. Wanaovimeza wanakufa. Waliochomwa sindano hajafa hata mmoja."

Akiacha vidonge, moyo wake hautastahimili. Hilo waliambiwa tangu mwanzo. Mama akamwita kaka yake, mpelelezi mstaafu. Binti alimwita Mjomba, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo.

Kesho yake Mjomba alifika kliniki na dada yake, akaanza na mfamasia.

"Vidonge vyako vimeharibika?"

"Baba yangu mzazi anameza hivyo hivyo. Nimuue nirithi nini, kiti chake kibovu?"

Mjomba akacheka, akamwacha. Akamfuata muuguzi wa wodi.

"Sindano mnaitoa lini?"

"Mgonjwa akimaliza miezi mitatu ya vidonge, mwili ukishazoea, na akitaka. Siku hiyo wodi nzima tunampigia makofi."

"Na waliokufa?"

Muuguzi akashusha sauti. "Wengi waliletwa hali mbaya. Makofi hawakuyafikia."

Mjomba akamshika dada yake mkono, wakaenda ofisini kwa daktari aliyehesabu vifo na kutangaza kwamba sindano inashinda vidonge.

"Daktari, aliyekufa mwezi wa kwanza umemweka upande gani?"

"Wa vidonge. Hakuchomwa."

"Na aliyechomwa, uhai wake umeuhesabu tangu lini?"

"Tangu alipolazwa."

"Pamoja na miezi aliyokuwa akimeza vidonge?"

"Ndiyo," daktari akajibu, akifunua daftari lake.

"Ili achomwe, ilibidi kwanza awe hai," Mjomba alisema taratibu. "Angekufa mapema, ungemtupa upande wa vidonge. Sindano imepewa sifa isiyo yake, vidonge vikabebeshwa misiba yote. Muuaji hapa ni hesabu, mwanangu."

"Sindano ilimponya mdogo wangu," daktari akasema. "Nilitaka kila mtu aipate."

Akahesabu upya palepale, akianzia siku ambayo kila mgonjwa alitimiza miezi mitatu, aliyechomwa na asiyechomwa. Vifo vya pande mbili vikakaribiana. Akainuka kwenda mwenyewe kuwaeleza wa kwenye benchi.

Nyumbani, binti alisikiliza yote.

"Kwa hiyo nami nisubiri makofi?"

"Meza kwanza," Mjomba akamwambia. "Makofi yatakukuta."

Akameza.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:
Kuacha dawa kwa habari za benchi.
Kumlinganisha aliyelazwa leo na aliyekwisha kuvuka hatari.
Kuisifia dawa kwa siku ambazo mgonjwa alikuwa hajaipata.
Kuwasahau waliokufa wakisubiri.