Akiki ya Mama Gertruda

Haya hayakunipata mimi. Yangenipata mimi, jini mwenyewe angehama wilaya. Yalimpata rafiki yangu Ilyasi, dalali wa mawe pale Mbinga mjini, enzi zile za ruksa ambapo hata mbuzi alikuwa anauza madini.

Ilyasi alikuwa anamposa Rukaiya. Baba wa binti alishamrudishia pete moja, akisema jiwe lake ni chupa. Ya pili nayo ikiwa chupa, hakuna mke.

Ndipo Mama Gertruda, muuza mawe, akapanda kutoka ziwani na akiki nyekundu, jiwe la pete, mistari imezungukana kama mawimbi, nzuri mpaka jua likaona aibu.

Ilyasi akaikodolea macho. "Nzuri mno hii. Umeipika wapi, mama?"

"Irambe, mwanangu. Chupa haina baridi kama hiyo."

Madalali ndivyo wanavyopima. Akamwomba mama asubiri nje, akafunga mlango na dirisha, maana jiwe humulikwa gizani. Akaramba upande mmoja. Baridi kweli. Akamulika, mistari ikawaka kama makaa. Akazima tochi kuokoa betri, jiwe kalifumbata.

Gizani akasikia kitu kinaramba, taratibu, kama ng'ombe kwenye chumvi.

"Mama, umeingiaje humu?"

"Niko nje, mwanangu," mama akajibu nyuma ya mlango. "Vipi, ni lenyewe?"

Ilyasi akawasha tochi, akafumbua kiganja. Upande alioramba yeye ulishakauka. Ule wa chini, uliolalia kiganja, ulikuwa umelowa mate. Akaufuta kwa shati.

Ukalowa tena.