Maji ya Jumanne

Kila asubuhi Eunike alikata majani ya mgomba ya ng'ombe, akachukua daftari lake, akateremka mbio hadi shule ya misheni karibu na Kikatiti. Enzi hizo za Waingereza, mtoto wa darasa la nne alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtihani wa kuingia shule ya kati.

Na Mwalimu Sadoki, loo, alikuwa anamchosha! Badala ya kuwapa insha ya kawaida, alichanganya Kiswahili na uraia.

"Andikeni jinsi mnavyogawana siku za maji ya mfereji kwenu. Waulizeni wakubwa. Asiyeleta insha ya kweli, jina lake siliandiki kwenye orodha ya mtihani."

Eunike hakumwuliza mtu. Ya nini, na mfereji anauona kila siku? Aliandika: "Maji ya Jumanne ni yetu. Tuliachiwa na babu."

Mwalimu alisoma, akavua miwani. "Nani kakuambia?"

"Najua tu, mwalimu."

"Unajua tu! Mungu wangu, mtanizeesha nyinyi! Nenda kwa Mzee Ephraimu, mkuu wa mfereji. Kesho nataka insha nyingine."

Mchana Eunike alipanda mlima amenuna. Alimkuta mzee na watu wengine wakizibua mfereji.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuuliza..."

"Marahaba. Shika jembe kwanza. Hapa hatuzungumzi na mtu aliyesimama."

Jamani, huyu naye! Eunike alizoa tope kwa hasira mpaka viganja vikamwaka moto. Ndipo mzee akasema, "Siku yenu ilikuwa Alhamisi, mjukuu wangu. Baba yako alipokwenda kwenye mashamba ya mkonge, hakuna wa kwenu aliyekuja kuchimba, mkaipoteza. Jumanne ni ya jirani yenu, Bibi Marta. Yeye huwagawia nusu ya maji yake, migomba yenu isikauke."

Bibi Marta mwenyewe alikuwa pale pale, ameinama na jembe lake.

Aibu ilimshika Eunike. Na kesho insha zinasomwa mbele ya darasa zima! Usiku aliandika, akafuta, akaandika tena.

Asubuhi alisimama akasoma: "Maji ya Jumanne ni ya Bibi Marta. Ile insha ya kwanza niliitunga tu. Siku nyingine ya kuzibua mfereji, nitakwenda kuchimba."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Sadoki aliandika jina lake kwenye orodha, akashusha pumzi.

"Ndiyo maana nawasumbua muulize kabla ya kuandika," alisema. "Jana ulimnyang'anya bibi wa watu siku yake kwa kalamu, Eunike. Leo umemrudishia."