Dau la Jumanne na Alhamisi

"Amkeni! Wenzenu wameshafika!"

Hivyo ndivyo nyumba hii ilivyoamshwa kila asubuhi. Nje bado giza. Mama wa nyumba alikuwa mkutubi wa chuo kikuu, na watu walizoea kumwita Mama Vitabu. Alikuwa akipiga makofi huku akitafuta funguo za gari. Mume wake, fundi umeme wa chuo hicho hicho, alikuwa akifunga kamba za viatu kwa mkono mmoja na kushika kikombe cha chai kwa mkono mwingine. Binti yao mkubwa na kitindamimba walibeba mikate mikononi. Walikula njiani, ndani ya gari, macho yakiwa nusu wazi.

"Chuo kinafunguliwa saa mbili," kitindamimba alilalamika. "Kwa nini tunaondoka saa kumi na moja?"

"Kwa sababu maegesho yanajaa saa kumi na mbili na nusu," mama yake alijibu.

"Basi wanaofika saa kumi na mbili wanafanya nini mpaka saa mbili?"

"Wanalala ndani ya magari yao," baba yake alisema. "Chuo chetu kina wasomi wanaokoroma kuliko wa chuo kingine chochote."

Watu wote wakacheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kila mfanyakazi mwenye gari alinunua stika ya maegesho kwa bei moja, ndogo. Magari yalikuwa mengi kuliko nafasi, karibu mara mbili. Kwa hiyo stika haikuwa nafasi. Ilikuwa ruhusa ya kutafuta nafasi tu.

Nyumbani alibaki Bibi, mama mzazi wa Mama Vitabu. Miezi michache nyuma alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito. Kila Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana, alitakiwa kuwa kliniki kufanya mazoezi ya viungo. Mama Vitabu alitoka kazini, akamchukua, akampeleka, kisha akarudi kazini. Akirudi, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Alizunguka na kuzunguka, mpaka mlinzi wa lango akamtania: "Mama, leo unafanya mbio za magari?"

Jumanne moja walichelewa kidogo kuondoka nyumbani. Maegesho yalikuwa yamejaa pomoni. Mama Vitabu alijibana kwenye kona, ukutani. Saa sita alipotoka, alishika kichwa. Gari kubwa jeusi lilikuwa limesimama nyuma ya gari lake. Lilimziba kabisa.

Kila mtu alilijua gari lile. Lilikuwa la profesa mmoja aliyevaa koti hata wakati wa joto kali. Wanafunzi walimwita Profesa Koti. Wakati huo alikuwa akifundisha. Mama Vitabu alikimbia hadi kwenye jengo, akapanda ngazi, akafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakumwona. Alipiga simu. Haikupokelewa. Profesa alitoka baada ya saa nzima, koti begani.

"Samahani, mkutubi. Sikupata mahali pengine," alisema.

Mama Vitabu aliondoa gari kwa kasi. Alipofika nyumbani alimkuta Bibi amekaa kibarazani, amevaa vizuri, mkoba mapajani.

"Wamepiga simu kutoka kliniki," Bibi alisema taratibu. "Mtaalamu wa mazoezi anasema nafasi yangu inagombewa. Nikikosa tena, atampa mtu mwingine."

Mama Vitabu alikaa chini kwenye ngazi. Machozi yalimlengalenga.

* * *

Siku chache baadaye tangazo lilitoka. Kuanzia muhula uliofuata, chuo hakitauza stika tena. Nafasi za maegesho zitagawiwa kwa mnada.

Fundi aliposikia, alipandwa na hasira. "Mnada! Ndio tumekwisha! Mwenye nguvu mpishe. Maprofesa watachukua zote, sisi tutaegesha juu ya miti!"

"Punguza sauti, shemeji, nakusikia mpaka kwangu," sauti ilisema kutoka mlangoni. Alikuwa jirani yao, mwalimu wa uchumi pale pale chuoni. Watoto walimwita Shangazi Hesabu. Mkononi alishika sahani ya keki. Vilikuwa vimebaki vipande viwili tu.

"Mimi ni mmoja wa waliopendekeza mnada huo," alisema. "Kama una matusi, anza sasa, nimeshakaa."

Fundi alicheka bila kupenda. "Haya. Tueleze basi. Mtu asiye na mshahara mkubwa atashindaje?"

Shangazi Hesabu alitazama vipande viwili vya keki. Kisha alitazama watu watano wa nyumba ile. Macho yake yaling'aa.

"Nileteeni maharage makavu. Na karanga."

Alimpa kila mtu maharage kumi. "Hizi ndizo pesa zenu," alisema. "Haragwe litakalobaki mkononi nitalibadilisha kwa karanga moja. Kwa hiyo msiyatupe ovyo. Keki ni vipande viwili. Kila mtu afikirie: kipande kimoja kwangu kina thamani ya maharage mangapi? Weka hayo kwenye ngumi. Hilo ndilo dau lako. Usimwonyeshe mtu."

"Hata mimi?" Bibi aliuliza.

"Hata wewe, mama. Sana sana wewe."

Kitindamimba aligeukia ukuta akahesabu kwa siri. Fundi alitabasamu kama mtu aliyegundua njia ya mkato.

"Fungueni!"

Kitindamimba alikuwa na maharage tisa. Bibi sita. Binti mkubwa manne. Fundi mawili. Mama Vitabu moja tu, maana alikuwa ameshiba.

"Walioshinda ni kitindamimba na Bibi," Shangazi Hesabu alisema. Kitindamimba aliruka juu. "Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Kitindamimba hatalipa tisa. Bibi hatalipa sita. Wote wawili watalipa dau la mtu wa kwanza kukosa. Ni nani huyo?"

"Mimi," binti mkubwa alisema. "Manne."

"Basi kila mshindi analipa manne. Bei moja kwa wote, na chuoni itakuwa hivyo hivyo."

Kitindamimba alihesabu mabaki yake, akashangilia tena. "Nimepata keki na karanga sita!"

Lakini Fundi alikuwa amenuna. "Hii si haki. Mimi naipenda keki hii! Ningetoa hata saba."

"Saba? Kwa nini uliweka mawili?"

"Nilitaka kuipata kwa bei rahisi."

"Ungeweka saba ungeshinda, na ungelipa sita tu, dau la Bibi. Ujanja wako umeila keki yako, shemeji."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu augue.

"Na kama ningeweka yote kumi?" Fundi aliuliza. Sasa alikuwa amesogea mbele, viwiko mezani.

"Ungeshinda. Lakini kama mkeo na binti yako nao wangeweka tisa tisa, ungelipa tisa kwa kitu ambacho kwako ni saba. Ungeila keki ukilia. Kwa hiyo dau zuri ni lipi?"

Mama Vitabu ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayewasha taa. "Ni lile la kweli. Ile bei ambayo ikizidi hapo, ni heri nikose."

"Umemaliza kila kitu," Shangazi Hesabu alisema.

Fundi hakukubali haraka. "Lakini profesa ana maharage mia, mimi nina kumi. Bado ana nguvu kuliko mimi."

"Hilo ni kweli, silifichi," jirani alijibu. "Ndiyo maana tumeweka mambo mawili. Nafasi za wafanyakazi wenye ulemavu haziingii kwenye mnada. Ni zao, bure. Pili, pesa zote za mnada zinanunua safari za basi la wafanyakazi. Litapita mitaa yetu kila nusu saa, na nauli ni bure. Anayechukua nafasi anamlipia anayeiacha. Na kuna jambo jingine. Mnada si wa muhula wote kwa pamoja. Ni wa kila siku ya juma peke yake. Jumatatu ina mnada wake, Jumanne ina wake."

Mama Vitabu alisimama. "Ngoja. Ngoja kwanza! Kwa hiyo naweza kuomba Jumanne na Alhamisi peke yake?"

"Hasa!"

"Siku nyingine nipande basi?"

"Na ulale mpaka jua litoke."

Watoto walipiga kelele. Fundi alijaribu kusema kwamba familia yenye gari kukaa kwenye basi ni aibu. Bibi alimtazama kwa jicho moja.

"Mwanangu," alisema, "aibu ni kulipia Jumatatu usiyoihitaji, halafu ukaikosa Jumanne ninayoihitaji mimi."

Fundi aliinua mikono. "Mama mkwe akisema hivyo, mimi nani?"

Usiku ule mke na mume waliketi wakapanga. Hawakuuliza wengine wataweka ngapi. Walijiuliza swali moja tu: nafasi ya siku zile mbili ina thamani gani kwetu? Walichukua pesa ambazo wangetumia kwa siku tano, wakazielekeza kwenye siku mbili. Dau lao lilikuwa kubwa. Mama Vitabu aliliandika, akafunga bahasha.

* * *

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa. Wapishi, walimu, makarani, wafanyakazi wa maabara, wote walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Profesa Koti alikuwa mstari wa mbele. Alisikika akimwambia mwenzake, "Mimi nimeweka kidogo tu. Nani hapa atanizidi?"

Msimamizi wa maegesho alishika kipaza sauti. Alianza kusoma namba za magari yaliyoshinda Jumanne. Mama Vitabu alimshika Shangazi Hesabu mkono. Namba zilipita moja baada ya nyingine. Watu walishangilia huku na kule.

"Hajasoma yetu," alinong'ona. "Hajasoma. Zimekaribia kwisha."

"Tulia."

"Nitatuliaje?"

Kisha akaisikia. Ilikuwa namba ya gari lao, lile la zamani lenye mlango wa nyuma uliofungwa kwa waya.

Mama Vitabu alipiga ukelele uliowashtua hata makarani. Alimkumbatia jirani, akamkumbatia mpishi aliyekuwa karibu, akamkumbatia na mlinzi wa lango. Alhamisi nayo ikasomwa. Alishinda tena!

"Na bei?" aliuliza. "Bei ni ngapi?"

Bei za siku zile mbili zikatangazwa. Kila moja ilikuwa karibu nusu ya dau lake. Alidhani amesikia vibaya. Aliomba zirudiwe.

Namba ya gari kubwa jeusi haikusomwa Jumanne. Haikusomwa Alhamisi wala siku nyingine. Profesa Koti aligeuka nyuma, akatazama ukumbi kama mtu aliyeachwa na treni.

* * *

Jumanne ya kwanza ya muhula Mama Vitabu alifika kazini saa mbili kasorobo. Nafasi yake ilikuwa wazi, ikimsubiri. Saa sita alitoka bila kuzibwa na mtu. Saa saba kamili Bibi alikuwa kliniki. Walipomaliza, Mama Vitabu alirudi chuoni. Nafasi bado ilikuwa wazi! Alibaki ndani ya gari dakika nzima, akicheka peke yake.

Siku nyingine alipanda basi la wafanyakazi. Asubuhi moja Profesa Koti aliketi karibu naye. Alikuwa amevua koti.

"Mkutubi," alisema, "siku ile nilipokuziba, nimeambiwa mama yako alikuwa akikusubiri."

"Ndiyo, profesa."

"Nisamehe sana. Sikuuliza. Nilijiangalia mwenyewe tu."

"Yameisha. Na wewe muhula ujao utaweka dau la kweli?"

Profesa alitazama nje ya dirisha. "La kweli kabisa. Ijumaa tu, nina vitabu vingi vya kubeba. Siku nyingine..." Aligonga kiti kwa kiganja. "Hapa nimesahihisha mitihani ya darasa zima bila kushika usukani."

Na Bibi? Bibi hakukosa hata siku moja. Mwezi wa kwanza alianza kushika kijiko kwa mkono wa kulia. Mwezi wa pili alisimama bila kushikwa. Mwezi wa tatu alitembea na fimbo kutoka kitandani hadi kibarazani, watoto wakimshangilia kama mshindi wa mbio. Mtaalamu wa mazoezi alisema sasa inatosha kuja mara moja kwa mwezi. Tena anaweza kuja kwa basi akiwa na mjukuu wake.

Msimu wa mnada ulipofika tena, Mama Vitabu na Fundi walijiuliza swali lile lile. Safari hii jibu lilikuwa dogo. Waliandika dau dogo, la kweli.

Matokeo yalipotoka, Mama Vitabu alikimbia kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Aliingia akihema.

"Tumekosa!" alipaza sauti. "Tumekosa Jumanne! Tumekosa na Alhamisi! Ameipata anayeihitaji kuliko sisi, mwalimu mmoja mwenye mtoto mchanga!"

Fundi alimwinua mkewe juu akamzungusha. Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni, mkoba begani, fimbo mkononi. Ilikuwa siku yake ya kliniki.

"Acheni kelele," alisema, akashuka ngazi ya kwanza peke yake. "Mtanikosesha basi langu."