Tulitambaa Nyumba Nzima

Hakuna nyumba mtaani kwetu iliyopangwa vizuri kama yangu. Wageni wote husema hivyo. Ila sijawahi kuwaruhusu wavuke sebule, na mlango wa jikoni huuegemea kwa mgongo mpaka waage.

Wiki ya mwisho ya mwaka, binti yangu alikuja kunitembelea. Mwaka ukianza, alitakiwa kurudi kazini. Alitafuta mtu wa kumwachia mwanawe, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Mtoto huyo tunamwita Bwana Mkubwa, maana akitaka kitu, nyumba nzima husimama.

"Niachie mimi," nilimwambia.

Binti yangu akafungua mlango wa jikoni. Akatazama. Akaufunga polepole, kama mtu aliyeona nyoka amelala.

"Mama, humu mtoto hakai. Mama mkwe wangu yuko tayari kumlea, tena anamsubiri kwa hamu. Nitarudi Jumamosi. Usipopanga nyumba, nampeleka kwake."

Thubutu! Mjukuu wangu alelewe na bibi mwenzangu, na mimi ni mzima? Yule akimwimbia mtoto, kuku hurudi bandani mapema.

Nikafagia. Nikadeki. Kisha nikamwita jirani yangu, muuguzi wa zahanati. Mtaani tunamwita Mama Sindano.

"Jirani, nimesafisha. Kimebaki nini?"

Mama Sindano akavua viatu, akapiga magoti pale sebuleni.

"Piga magoti na wewe."

"Tunaomba dua?"

"Tunatambaa. Ukisimama, huoni anachokiona mtoto. Shuka uone."

Basi tukatambaa, wanawake wazima wawili, magoti yakilia kama bawaba kavu. Mume wangu akaingia, akashtuka.

"Mmepoteza nini?"

"Ujana," nikamjibu. "Ukiuona, tuite."

Kumbe nyumba yangu ni nyingine ukiwa chini! Waya wa birika la umeme ulining'inia mbele ya pua yangu.

"Mtoto akiuvuta huu, maji ya moto yanamshukia kichwani," alisema Mama Sindano.

Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji.

"Hata ndoo ni hatari?" nikauliza.

"Tena sana. Mtoto huchungulia, akatumbukiza kichwa, asiweze kujitoa. Maji kidogo tu yanamzamisha. Ndoo ya maji iwe na mfuniko unaobana, na ikae asipofika. Ndoo tupu ipindue."

Tukaingia jikoni. Chini ya meza palikuwa na chupa ya soda. Mama Sindano akaifungua, akanusa. Akaacha kucheka.

"Nani ameweka mafuta ya taa humu?"

"Mimi," alisema mume wangu. "Lakini kila mtu humu ndani anajua."

"Na Bwana Mkubwa mmemwambia?"

Mume wangu akakuna kichwa.

"Mzee wangu, mtoto akiona chupa ya soda, anajua ni soda. Mafuta ya taa, dawa ya panya, dawa ya madoa, usiviweke kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Viache kwenye vyombo vyake, juu, ndani ya kabati lenye kufuli."

"Na akishakunywa? Tumtapishe?" nikauliza.

"Hata kidogo! Mafuta yakipanda tena, huingia mapafuni. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na hiyo chupa uende nayo."

Hapo mzaha uliniisha. Nilimfikiria Bwana Mkubwa na vile vimikono vyake. Kila anachokamata, safari yake ni mdomoni.

Siku hiyo hiyo mume wangu alipigilia kabati juu ukutani, akalitia kufuli. Mafuta ya taa yakarudi kwenye dumu lake. Dawa zangu za presha, zilizokuwa zikilala chini ya mto kama mtoto mchanga, zikahamia kabatini pamoja na viberiti, kila kitu na rafu yake. Birika likasogezwa ukutani, waya ukafungwa. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia ya nguo kuukuu.

"Moto ukitokea, mtatokea wapi?" aliuliza Mama Sindano.

Tukayaondoa. Nyuma yake nikaukuta mwiko wangu, ule ambao nilikuwa nikisema bibi mwenzangu ameuiba. Simwambii.

Jumamosi binti yangu akaja. Akamweka Bwana Mkubwa sakafuni. Bwana Mkubwa akatambaa chumba hadi chumba, asipate cha kuvuta wala cha kumwaga. Akanuna, akala kidole chake cha mguu.

Binti yangu naye akapiga magoti. Akakagua jikoni, akakagua chumbani, akaishia kuingiza kichwa na mabega chini ya kochi.

"Mama, umeweza!" alisema kutoka huko chini. "Mtoto atakaa hapa. Mama mkwe atasononeka sana, maana alishamwandalia hadi kitanda. Lakini atanisamehe."

Simu yake ikalia juu ya meza.

"Nipokelee, mama."

Nikapokea. Kabla sijasema neno, sauti ya bibi mwenzangu ikajaa sebule nzima.

"Mwanangu, mama yako amekubali? Mbembeleze! Si nilikwambia tangu mwanzo, mimi na mgongo huu siwezi kukimbizana na mtoto?"

Nikaishusha simu.

"Binti yangu," nikaita, "yule anayemsubiri mtoto kwa hamu anakusalimia."

Miguu yake, iliyokuwa ikionekana nje, ilianza kuingia chini ya kochi taratibu.