Ulimi wa Paka wa Oryem

Paka alianza kujilamba siku ya nne tangu Oryem achukuliwe, na mwanzoni Akullo hakujali. Kujilamba si ndiyo kazi ya paka? Lakini huyu hakupumzika. Alilamba ubavu wa kushoto, paja na mguu wa mbele, mahali pale pale patatu, mpaka manyoya yakanyonyoka.

Oryem, mume wa Akullo, alikuwa koplo wa polisi. Watu wenye miwani ya giza walimkamata mchana kweupe mlangoni pake, katika nyumba za polisi Nsambya, wakamtia kwenye buti la gari. Siku hizo za utawala wa jeshi, mwanamke aliyemlilia mumewe alikuwa amekiri kwamba anajua kauawa, naye alifuatwa. Akullo akameza kilio, akawaambia majirani bwana amehamishiwa Mbarara.

Akamtafuta paka viroboto, asipate hata mmoja. Manyoya yake yalinuka tumbaku ya Oryem, na chini ya tumbaku, matope na damu.

Alasiri moja ya mvua alikuwa akifua aliposikia chumbani ulimi ukikwaruza, na nyuma ya ulimi sauti ya mwanamume akiugua polepole, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, na alipousukuma mlango akamkuta paka amelala upande wa Oryem, na godoro chini yake limebonyea urefu mzima wa mtu.

Alikimbilia Makindye kwa Alanyo, bibi wa kwao Kitgum aliyekuwa akipunga pepo. Bibi alifika na njuga zake, akampapasa paka, kisha akaziweka chini.

"Hapa risasi liliingia," alinong'ona. "Hapa kitako ya bunduki. Mkono walifunga na waya. Hii si jini ya kufukuza, mtoto wangu. Ni bwana yako. Hakuna mtu alimwosha, sasa anajiosha."

"Alihamishwa, mama."

"Wewe alilia?"

"Nitalia namna gani? Hapa hata ukuta inasikia."

"Mtu hawakumlilia hajui amekufa. Anarudi nyumbani. Huyu atalamba mpaka mfupa."

Akullo alimtazama paka. Alijua akinyamaza atakuwa naye bado, hivyo hivyo, akiumia kila siku. Hilo hakuliweza. Akafungua mlango wazi, akaweka mikono kichwani kama wanawake wa kwao, akapiga yowe: "Oryem amekufa! Wamemuua Oryem wangu!"

Ulimi ukasimama. Godoro likainuka taratibu, na uchungu ukamkata Akullo maini, maana mumewe alikuwa akimtoka mara ya pili.

Ndipo nyumba ya pili ikajibu. Mke wa Komakech, ambaye miezi miwili alisema mumewe yuko kozi Jinja, alitoka akilia jina lake. Ikafuata ya tatu, ya tano, mstari mzima. Gari lilipofika jioni, wale wenye miwani walisimama kwenye tope, wasijue waanzie mlango upi.