Aliyekuwa Akitwanga Chini ya Maporomoko

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu. Bi Njia alikuwa amesimama na wageni tisa chini ya maporomoko ya maji, mahali ambapo hata kuwasha kiberiti ni marufuku, akasikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa msitu unaoungua. Ulikuwa moshi wa jikoni, wa mtu aliyebandika chungu.

Alikuwa ameongoza wageni katika hifadhi ile miaka kumi na tisa, na wenzake walimbandika jina la Bi Njia kwa kuwa hakuna njia asiyoijua. Mzunguko wake ulikuwa uleule: nyumba ya mawe ya bwana misitu wa zamani, siku hizi makumbusho, mti mkongwe wenye uwazi wa kuingia watu sita, daraja la kamba, kisha maporomoko. Na maneno yake yalikuwa yaleyale aliyokabidhiwa yakiwa yamechapwa: "Msitu huu ni wa kale, na haujawahi kukaliwa na watu."

"Na nani anatwanga?" akauliza mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye fimbo.

Bi Njia akatega sikio. Du. Du. Du. Ulikuwa mchi na kinu, hakuna ubishi, na mlio ulitoka chini ya majani waliyoyakanyaga.

"Ni ndege huyo, mama. Anagonga miti."

"Ndege wa chini ya ardhi?"

Wageni wakacheka. Naye akacheka, ila vinyweleo vilikuwa vimemsimama.

Aliishi na baba yake katika nyumba za wafanyakazi. Mzee ndiye aliyekuwa askari wa kwanza wa hifadhi, na picha yake ya ujanani, kasimama wima na bunduki, ilitundikwa makumbusho. Mchana ule, wakila, Bi Njia alimsimulia. Kijiko cha mzee kikaishia njiani.

"Mahali gani?"

"Penye mabenchi, chini ya maporomoko."

"Usiwasimamishe watu pale."

"Baba, ndipo wanapopigia picha."

"Nimesema usiwasimamishe pale." Akainuka, akafunga dirisha, na joto lote lile.

Juma lile mlio ulianza kumfuata. Jumanne ulipanda darajani, mbao zikawa zinadunda chini ya nyayo zake hata aliposimama tuli. Jumatano ulikuwa ndani ya mti, umetulia, kama mtu anayetwanga huku akisikiliza. Na Alhamisi asubuhi, kwenye makumbusho, mbele ya wageni na mbele ya picha ya baba yake, harufu ile ya moshi ikageuka kuwa ya nyasi za paa zinazoungua, ya nywele zinazoungua, ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, naye akafungua kinywa aseme yale maneno yake ya kila siku, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi asiyemjua, ya taratibu, isiyo na hasira hata kidogo.

"Tulikuwa kaya arobaini na moja. Jiko langu lilikuwa pale penye mabenchi. Walikuja asubuhi na karatasi. Nikawaambia, ngojeni nimalize unga, watoto hawajala. Wanangu wakatoka. Mimi nilikuwa bado nimeinama kinuni, ndani, na huyu," mkono wa Bi Njia ukainuka wenyewe, ukaielekea picha, "akatia moto paa."

Jioni mkuu wa hifadhi alimwita ofisini, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Dada, kuna mama namjua, mganga. Atakuja kimyakimya. Lakini haya yakitokea tena, kazi huna, na nyumba mtaiacha."

Mganga alikuja Jumamosi, mama mnene mwenye miwani na mkoba kama wa mkunga. Alichoma ubani sebuleni kwao, mzee akiwa kitini kwake, lakini ule moshi mwingine uliumeza ubani wote. Akamtazama Bi Njia kwa muda mrefu, akanong'ona:

"Nilidhani nimeitiwa jini la mti. Jini la mti ningelijua, lingetaka kitambaa, lingetaka marashi. Huyu ni mtu." Akamsogelea. "Unataka nini, mama?"

Bi Njia alisikia kila kitu, kama aliye chini ya kisima.

"Aje pale nilipo," ikasema sauti. "Aseme nilikuwa ndani, na alijua."

Wote wawili wakamgeukia mzee. Yeye alikuwa akitazama mikono yake.

"Nilitumwa," akasema.

"Hukuulizwa hilo, baba," mganga akajibu kwa upole.

Mchi ulikuwa ukidunda chini ya sakafu, vikombe vikitetemeka kabatini.

"Sina la kusema. Mtoe."

"Akitoka hivi, hatarudi kuomba tena."

"Mtoe."

Ilichukua muda mrefu. Bi Njia alihisi kitu kikivutwa kooni mwake, kama mtu anayeburutwa kutoka nyumbani kwake, ameng'ang'ania mwimo wa mlango, na vidole vinabanduliwa kimoja kimoja. Kisha kukawa kimya. Mganga alifunga mkoba bila kuaga, ila mlangoni akasema, "Ametolewa mara mbili sasa."

Jumatatu Bi Njia alirudi kazini. Chini ya maporomoko, wageni wakiwa wamemzunguka, koo lilikuwa lake na ulimi wake, hakuna aliyeushika. Mkuu wa hifadhi alisimama nyuma, mikono kifuani. Bi Njia akaifikiria ile nyumba, akamfikiria mzee.

"Msitu huu ni wa kale," akasema, na sauti haikutetemeka, "na haujawahi kukaliwa na watu."

Wageni wakakaa kwenye mabenchi, wakapigana picha.

Baba yake alimngoja kizingitini.

"Umewaambia nini leo?"

"Nilichopewa."

"Vizuri, mwanangu."

Siku ile mzee alikula akamaliza, akaomba aongezewe. Halafu akajinyoosha kitini, usingizi ukamchukua palepale. Bi Njia akabaki na vyombo vichafu, ametega sikio sakafuni, akiomba moyoni walau pigo moja tu. Hakusikia kitu, ila mzee akikoroma.